Shajara ya bwawa la nyumbani: kutafuta kibali, kuanzia mchoro hadi nondo

Januari, wiki ya pili

Tumekubaliana nyumbani kwamba bwawa litajengwa, na hakuna jembe litakalogusa ardhi kabla kibali hakijatoka. Fundi wa kwanza tuliyezungumza naye alitushauri tuchimbe kimyakimya, karatasi tuzitafute baadaye, kwa sababu "bwawa halina paa, nani ataliona?" Tulimshukuru, tukaachana naye.

Bwawa tunalolitaka lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina kinachoanzia mita 1.1 upande mmoja hadi mita 1.8 upande wa pili. Ukichukua kina cha wastani cha mita 1.45 unapata mita za ujazo 46 na ushei, yaani zaidi ya lita 46,000. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo tunachoomba ni ruhusa ya kuweka tani 46 za maji nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka ukuta wa chumba wanacholala watoto, tena kiwanja cha jirani kikiwa chini yetu kidogo. Mzigo kama huo unastahili kutazamwa na macho mengine zaidi ya yetu na ya fundi.

Zipo sababu nyingine ambazo watu huzitaja. Ujenzi usio na kibali unaweza kusimamishwa katikati, shimo likabaki wazi. Bima inaweza kugoma kulipa. Siku ya kuuza nyumba, mnunuzi ataulizia nyaraka. Zote ni za kweli, ila kwangu mimi ile ya uzito wa maji inatosha.

Si kila bwawa linaombewa kibali. Yale ya plastiki ya kupuliza, yenye maji ya kufika magotini, kwa kawaida hayahesabiwi. Nchini Ufaransa bwawa lisilozidi mita za mraba 10 kwa kawaida halihitaji utaratibu wowote, na lisilofunikwa la zaidi ya hapo hadi mita za mraba 100 huombewa kwa taarifa ya awali tu badala ya kibali kamili. Letu lina mita za mraba 32, linachimbwa na kujengwa kwa zege, na kwa kanuni tunazofuata hakuna njia ya mkato.

Ofisi ya vibali imetupa orodha: hati ya umiliki, ramani ya kiwanja yenye vipimo, michoro ya mhandisi, ripoti ya udongo, mchoro wa mabomba, mchoro wa umeme, mchoro wa uzio, na maelezo ya mahali maji yatakapomwagwa. Hilo la mwisho limenikaa kichwani. Mpaka leo nyumbani tulikuwa tukizungumzia maji yatakayoingia tu.

Januari, mwishoni

Mpima amekuja kutafuta bikoni, yale mawe ya kuonyesha mpaka wa kiwanja. Mbili zilikuwa wazi, moja ilikuwa imemezwa na maua, na ya nne ilibidi kuchimbuliwa. Ua wa miti wa upande wa chini, ambao sote tumeuzoea kuuita mpaka, umepandwa nje ya mpaka wetu kwa karibu nusu mita. Kumbe ukanda ule ni wa jirani. Hili lazima aambiwe, na mapema, kabla hajaliona kwenye ramani yetu.

Ni vizuri limejulikana sasa. Umbali wa bwawa hupimwa kutoka mpaka wa kisheria, na nusu mita hiyo ingetosha kuangusha ombi zima.

Baada ya bikoni, mpima ameweka kwenye ramani kila kitu kilichopo: nyumba, tangi la maji taka na shimo lake la kunyonyea, bomba la maji linaloingia, na waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye paa. Kila kimoja kinadai nafasi yake. Waya wa juu nilidhani hauhusiki, mpaka mpima aliponiuliza, "Bwawa utalisafisha kwa kitu gani?" Kwa wavu ulio kwenye fimbo ndefu ya alumini. Mtu akisimama ukingoni akainua fimbo ya mita 4 au 5 huku miguu yake imelowa, waya ulioonekana uko juu sana unakuwa karibu. Ndiyo maana hatujengi chini yake wala pembeni yake.

Tulipomaliza kuchora duara kuzunguka kila kizuizi, pamebaki mahali pamoja tu panapofaa, kati ya ukuta wa nyuma wa nyumba na mpaka wa chini.

Februari, wiki ya kwanza

Siku ya udongo. Mhandisi aliagiza mashimo mawili ya mita 3 kwenda chini, moja kila upande bwawa litakapokuwa. Sentimita 40 za juu ni udongo mweusi wa shambani. Chini ya hapo ni mfinyanzi mtupu, wa rangi ya kahawia, unaong'aa pale sepetu ilipopita.

Alichukua bonge dogo, akalilowesha, akaanza kulisokota kwa viganja juu ya kioo. Lilirefuka, likawa kamba nyembamba ya milimita 3 hivi, na halikukatika. Akalikunja, akalisokota tena, nalo likatii. "Huu unanywa maji," akasema. Udongo unaosokoteka namna hiyo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kila unapofanya hivyo unasukuma na kuachia ukuta uliosimama ndani yake. Sampuli zimekwenda maabara kwa vipimo rasmi, lakini kuanzia hapo hatukuzungumzia tena kuta za matofali. Zitakuwa kuta za zege lenye nondo, unene wa milimita 200, sakafu na kuta zikiwa kitu kimoja.

Kesho yake asubuhi, kwenye shimo la upande wa chini, maji yalikuwa yamejikusanya. Tulipima: mita 2.1 kutoka juu. Sehemu yenye kina kirefu itachimbwa hadi mita 2.3, ukijumlisha maji mita 1.8, ukingo ulio juu ya maji, zege la sakafu na kokoto chini yake. Maana yake kitako cha bwawa kitakuwa ndani ya maji ya ardhini hata wakati huu wa ukame. Mvua zikija, maji hayo yatapanda.

Nilitarajia mhandisi atazungumzia uvujaji. Yeye akazungumzia kuelea. Bwawa lililojaa halina shida, alisema, maana maji ya ndani yanalikandamiza. Siku utakapolimwaga kulitengeneza wakati ardhi imeshiba, linakuwa kama sufuria tupu uliyoiweka kwenye beseni la maji.

Hesabu yake nimeinakili hapa kwa sababu sijaona fundi yeyote akiieleza. Zege lote la sakafu na kuta lina mita za ujazo 15 hivi, na kwa tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo linapata kama tani 37. Nafasi ambayo bwawa zima linaichukua ardhini, kwa vipimo vya nje, ni karibu mita za ujazo 66. Maji ya ardhini yakifika juu kabisa yatalisukuma kwa nguvu ya tani 66. Tani 37 zinakandamiza, 66 zinainua. Bwawa tupu litang'oka, litapasua mabomba yake na kukaa upande, na hakuna fundi atakayelirudisha mahali pake.

Dawa yake iko kwenye michoro sasa: tabaka la kokoto chini ya sakafu, bomba lenye matundu ndani ya kokoto hizo linaloelekea kwenye kisima kidogo pembeni, ambako mtu anaweza kuchungulia na kuona maji yamefika wapi, na vali kwenye sehemu ya chini kabisa ya sakafu inayofunguka yenyewe maji ya nje yakizidi ya ndani. Inaruhusu maji ya ardhini yaingie bwawani kabla hayajaliinua. Pia kuna sentensi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mchoro: bwawa lisimwagwe kabla ya kupima maji ya kisima. Nitaipaka rangi ukutani kwenye chumba cha pampu.

Februari, mwishoni

Bwawa limegeuzwa.

Katika mchoro wa awali, upande wenye kina kirefu ulikuwa karibu na nyumba, ili wanaoketi barazani waone wanaopiga mbizi. Mhandisi alichora msingi wa nyumba ubavuni, akaweka rula kwenye ukingo wake wa chini, akavuta mstari ulioteremka kwa nyuzi 45 kuelekea bwawani. Udongo ulio chini ya mstari huo ndio unaoubeba msingi, na haufai kuondolewa bila kazi maalumu ya kuushikilia.

Msingi wetu umeishia mita 0.9 chini ya ardhi. Shimo la mita 2.3 linazidi hapo kwa mita 1.4, kwa hiyo lingepaswa kuwa mbali na msingi kwa angalau mita 1.4. Kwa kuwa nafasi haitoshi upande wa pili, alilizungusha. Upande wa kina kifupi, unaochimbwa mita 1.6 tu, ndio unaotazama nyumba. Hapo tofauti inashuka hadi mita 0.7. Tukaongeza na ziada ya usalama, na bado limetosha.

Mchoro wa kwanza ulitoka kwenye kitabu cha picha cha wajenzi wa mabwawa, na picha hizo hazionyeshi misingi ya nyumba. Nimefurahi sana jambo hili limefanyika kwa rula na penseli.

Machi, wiki ya pili

Tumewasilisha. Nakala zimepigwa muhuri, stakabadhi iko mkononi, na faili lina namba. Hakuna la zaidi.

Machi, mwishoni

Barua ya maoni imerudi. Udongo, msingi na kuelea vimepita bila swali. Kilichorudishwa ni uzio.

Tulichora uzio wa pande tatu, ukuta wa nyuma wa nyumba ukiwa upande wa nne. Ni mpangilio wa kawaida, unaokoa fedha na unapendeza. Nilikwenda ofisini kuuliza kwa nini haukubaliki. Dada wa dawati la mapitio alitandaza mchoro wetu, akachukua kalamu, akaiweka kwenye mlango wa jikoni, akaivuta taratibu mpaka kwenye ukingo wa maji. Kalamu haikukutana na kitu. "Hii ndiyo njia ya mtoto," akasema. "Nioneshe anasimamishwa na nini."

Sikuwa na jibu, na sidhani kama lilikuwapo. Mtoto mdogo anayeingia bwawani nyumbani mara nyingi hatoki barabarani. Anatoka ndani ya nyumba hiyo hiyo, wakati mtu mzima amegeuka kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Tafiti zilizolinganisha aina za uzio zimeonyesha kwamba uzio wa pande zote nne, unaotenganisha bwawa na nyumba yenyewe, unalinda kuliko ule unaozunguka kiwanja na kuliacha bwawa wazi kwa wenye nyumba. Na hata mtoto mkubwa anayejua kuogelea anaweza kufika majini akiwa amejikwaa, amejigonga kichwa.

Kwa hiyo tunachora upya, pande nne. Urefu wa uzio ni mita 1.2 kwenda juu kutoka ardhini upande wa nje, ndicho kiwango cha chini katika kanuni nyingi. Nafasi kati ya fito ni chini ya milimita 100, ili kichwa cha mtoto kisipite. Tumechagua fito za kusimama, zikiwa na mihimili miwili tu ya kulala, mmoja juu na mmoja chini, kwa sababu kila mhimili wa katikati ni ngazi. Wavu wa waya tumeukataa kwa sababu hiyo hiyo: tundu kubwa linatosha vidole vya mguu.

Lango linafunguka kuelekea nje, mbali na maji, kwa sababu mtoto anayelisukuma kutoka nje atakuwa analifunga. Bawaba ni za springi, lijifunge lenyewe kutoka pembe yoyote, hata likiachwa wazi kwa upana wa kidole. Komeo linajibana lenyewe na liko juu, karibu mita 1.5, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Nilijaribu bawaba za aina mbili dukani. Moja ilifunga lango kwa kishindo likiwa wazi kabisa, lakini ukiliachia likiwa limebaki sentimita chache linasimama tu, halina nguvu ya kubana komeo. Hiyo haifai kabisa, maana lango lililorudishwa bila kubana linaonekana kwa mbali kama limefungwa.

Dada yule aliona kitu kingine ambacho kingetupita. Kisanduku cha pampu kilichorwa kikiwa kimeegemea uzio kwa nje. Kina urefu wa sentimita 70. Mtoto akipanda juu yake, uzio wa mita 1.2 unabaki nusu mita. Kwa hiyo kuzunguka uzio wote tunaacha sentimita 90 bila kiti, chungu cha maua, mti wala kisanduku. Pampu inahama.

Mama watoto alihofia uzio utaziba uwanja. Fito za kusimama zenye rangi nyeusi hazizibi, na ukiwa jikoni unaona maji yote. Kwangu kuona huko ni sehemu ya ulinzi: ukuta mzito ungezuia mtoto na ungeficha pia aliyekwisha kuingia.

Aprili, wiki ya kwanza

Ofisi huwaarifu majirani na kuwapa muda wa kutoa pingamizi. Mzee wa kiwanja cha chini alikuja mwenyewe, karatasi mkononi, kabla muda haujaisha. Nilimwambia kwanza habari ya bikoni na ule ukanda wa nusu mita. Alinyamaza, akacheka kidogo, akasema alikuwa akijua tangu miti ilipopandwa. Kisha akaweka karatasi mezani. "Mwanangu, mimi sina tatizo na watoto kuogelea. Nataka kujua: likipasuka, maji yote yale yanakwenda wapi?"

Nilimwita mhandisi, akaja jioni na michoro. Ukuta wa upande wa Mzee umepigiwa hesabu uweze kubeba maji hata kama udongo wa nyuma yake ungeondoka. Hilo lilimtuliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa maji ya kila siku, na hapo ndipo nilipoona kwamba swali lake lilikuwa kubwa kuliko alivyoliuliza.

Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya mita za mraba 32 inaongeza lita 3,200 kwenye bwawa lililokwisha kujaa. Zitamwagikia upande ulio chini, yaani kwake. Kwa hiyo bwawa lina bomba la kupunguza maji yakizidi, na chini yake kuna mtaro kando ya mpaka, ndani ya bikoni zetu, unaopeleka maji kwenye mfereji wa mvua. Maji ya kusafishia chujio la mchanga ni habari nyingine. Yana uchafu na klorini, na yanatoka kwa wingi kwa dakika chache. Kuyaelekeza kwenye tangi la maji taka kungelijaza ghafla na kuua vijidudu vinavyolifanya lifanye kazi. Kwenye mfereji wa mvua pia hayaruhusiwi, kwa kuwa mwisho wake ni mtoni. Yamechimbiwa shimo lake la kunyonya, upande wa juu, mbali na mpaka. Na bwawa zima likihitaji kumwagwa, maji yatakaa kwanza siku kadhaa bila kutiwa dawa hadi kipimo kionyeshe klorini imeisha.

Mzee aliuliza pia kuhusu mngurumo wa pampu. Kwa bahati njema uzio ulikuwa umeshaihamisha, sasa iko upande wa pili wa nyumba. Itatakiwa kuzungusha maji yote ndani ya saa 8, kama mita za ujazo 6 kwa saa, na saa 8 za mchana zinatosha. Usiku itazimwa. Ameandika hana pingamizi na kutia sahihi, na chini ameongeza kwa mkono wake: "pampu mchana tu." Tumeliweka sharti hilo kwenye faili kama lilivyo.

Aprili, mwishoni

Mambo ya mwisho kurudishwa na ofisi yalikuwa umeme na matundu ya sakafuni ambayo pampu hunyonyea maji.

Umeme kwanza. Viwango vya kimataifa vya umeme, IEC 60364 sehemu ya 7-702, vinagawa eneo la bwawa kwa kanda. Ndani ya maji ni kanda 0. Kutoka ukingoni hadi mita 2 ni kanda 1. Mita 1.5 zinazofuata ni kanda 2. Taa za ndani ya maji ni za volti 12, na transfoma yake inakaa nje ya kanda za ndani. Soketi ya ukutani iliyokuwa mita 1.8 kutoka kwenye maji imeondolewa. Kila mstari unaokwenda bwawani unapitia breka inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30, na vyuma vyote vya eneo hilo, nondo za zege, ngazi, fito za uzio zilizo karibu, mwili wa pampu, vimeunganishwa kwa waya mmoja mnene wa shaba. Waya huo kazi yake ni kuvifanya vyuma vyote viwe na volti moja, ili mtu aliyeshika ngazi miguu ikiwa majini asiwe njia ya umeme kutoka chuma kimoja kwenda kingine.

Kuhusu matundu ya sakafuni, mchoro wa fundi mabomba ulikuwa na moja. Umerudi ukitaka mawili, yakiwa yameachana kwa zaidi ya sentimita 90, kila moja na kifuniko kilichobinuka, cha aina iliyoidhinishwa. Sababu yake inaumiza kuisoma. Mwaka 2002 nchini Marekani, mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje James Baker, alinaswa na nguvu ya kunyonya ya tundu la bwawa dogo la maji moto, akafa maji. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria yenye jina lake. Pampu inayovuta kupitia tundu moja huelekeza nguvu yake yote kwenye mwili uliolifunika. Yakiwa mawili kwenye bomba moja, na yameachana kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuyaziba yote, pampu inavuta maji kutoka kwa jingine na mtu anaachiwa. Fundi wetu alisema tundu la pili ni gharama ya bure. Nilimsimulia habari hii, naye akatoa vipimo vipya siku hiyo hiyo.

Mei, wiki ya tatu

Kibali kimetoka.

Nakala moja inabandikwa mbele ya kiwanja, nyingine na michoro yenye muhuri inakaa eneo la kazi wakati wote. Kina muda wa mwisho wa kuanza kazi, na kazi ikilala kwa muda mrefu kinakufa. Kuna ukaguzi wa hatua nne: uchimbaji, nondo pamoja na mabomba na umeme, uzio, na wa mwisho. Hakuna hatua inayofunikwa kabla haijasainiwa.

Juni, mwanzoni

Shimo limechimbwa. Mita za ujazo 72 ardhini ziligeuka karibu 90 zilipofumuliwa, maana udongo ukiachiwa unatanuka kwa robo hivi, kwa hiyo malori yalipangwa kwa hesabu ya pili. Karibu na bomba la maji tulichimba kwa mikono. Mkaguzi alisaini baada ya kutaka mambo mawili: rundo la udongo lisogezwe angalau sentimita 60 kutoka kwenye mdomo wa shimo, na uzio wa muda uzunguke pande zote kabla mafundi hawajaondoka jioni. Yote yalifanyika akiwapo.

Juni, mwishoni

Leo ni ukaguzi wa nondo. Mama mkaguzi alishuka shimoni mwenyewe na utepe wa kupimia. Nondo ni za milimita 12, kila baada ya milimita 150 kwa pande zote mbili. Alipima nafasi kwenye sakafu, kwenye kuta, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kona. Nondo mbili zinapounganishwa lazima zipishane mara 50 ya unene wake, yaani milimita 600. Kwenye kona ya upande wa kina kirefu utepe ulisoma 450. Hakugomba. Aliweka alama ya chaki, akamwita fundi mkuu aione, na vijana wakafunga vipande vya nyongeza kona zote nne papo hapo.

Akapitisha mkono nyuma ya nondo kuangalia nafasi kati yake na udongo. Inatakiwa milimita 75 upande unaogusa ardhi, vinginevyo unyevu wa mfinyanzi utafika kwenye chuma na kutu italipasua zege kutoka ndani. Vijitofali vya zege vinavyoshikilia nondo vilikuwa vya kimo hicho, ila viwili vilikuwa vimelala. Vikasimamishwa.

Waya wa shaba umefungwa kwenye nondo sehemu nne kwa klampu. Alivuta kila moja. Matundu mawili, umbali sentimita 110. Vali ya maji ya ardhini ipo, imefunikwa nailoni isiingie zege. Mabomba yamejazwa maji na kubanwa kwa presha ya bar 2.4, na geji haijashuka tangu jana. Ameagiza presha hiyo ibaki wakati zege linapigwa: mtu akitoboa bomba kwa bahati mbaya, sindano itaanguka mbele ya macho ya wote, zege likiwa bado bichi.

Sahihi ya pili imeingia. Zege ni Jumatano alfajiri, na kulimwagilia maji kunaanza jioni hiyo hiyo. Bawaba na makomeo ya lango vimeshaagizwa, kwa kuwa kibali hakiruhusu bomba la kujazia lifunguliwe kabla sahihi ya tatu, ya uzio, haijawekwa.